Stahl, daktari aliyeuliza kwa nini mwili hai hauozi

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari. Kitabu chetu kinamtaja Georg Ernst Stahl kwa mstari mmoja tu, kwamba alileta nadharia ya flojistoni na baadaye mkemia Mfaransa Lavoisier akaibomoa. Wanafunzi wakisikia kwamba watu waliamini moto ni kitu kinachotoka ndani ya kuni, wanacheka. Halafu nikasoma mahali pengine kwamba Stahl alikuwa daktari wa mfalme. Alikuwa nani hasa, daktari au mkemia? Na kuna faida gani kumfundisha mtu aliyekosea?"

Mwalimu, nianze na udaktari, maana bila huo kemia yake haishikiki. Stahl alipata riziki yake kwa tiba tangu ujana mpaka anaingia kaburini. Kemia aliifundisha, akaiandikia vitabu vingi na kuipenda sana, ila vyeo vyote alivyowahi kupewa vilikuwa vya daktari. Vitabu vya shule vimechukua kipande kimoja cha maisha yake na kukiacha kingine, na ndiyo maana kile kilichobaki kinaonekana cha ajabu.

Alizaliwa mwaka 1659 katika mji wa Ansbach, kusini mwa Ujerumani, miaka 11 tu baada ya kumalizika kwa Vita ya Miaka Thelathini. Familia yake ilikuwa ya Kilutheri, na baba yake alikuwa mtumishi wa baraza la kanisa la mtawala wa pale. Alikwenda kusoma tiba Jena, akafundishwa na Georg Wolfgang Wedel, profesa aliyeamini kwa dhati kwamba siri za mwili zitafunguliwa kwa kemia. Akapata shahada ya udaktari mwaka 1684, akabaki palepale Jena akifundisha kemia. Mwaka 1687 mtawala wa Sachsen-Weimar alimwita awe daktari wa jumba lake. Kisha, mwaka 1694, kikafunguliwa chuo kikuu kipya mjini Halle, na Friedrich Hoffmann, aliyesoma Jena kama yeye, akamwita awe profesa wa pili wa tiba. Akakaa Halle zaidi ya miaka 20. Kazi zake kubwa karibu zote zilitoka huko.

Ili uone alikuwa anapambana na nini, kumbuka madaktari wa wakati ule walivyofikiri. Kundi moja, lililofuata nyayo za Paracelsus, daktari wa karne ya 16, liliuona mwili kuwa ni maabara. Tumbo linachachusha chakula, asidi inagombana na alkali ndani ya damu, na mgonjwa ni mtu ambaye chumvi zake zimeharibika. Kundi la pili, lililovutiwa na mwanafalsafa Mfaransa Descartes, liliuona mwili kuwa ni mashine yenye mabomba, pampu na vichujio, na ugonjwa ni bomba lililoziba. Wedel alikuwa karibu na kundi la kwanza. Hoffmann, aliyemkaribisha Stahl Halle, akawa kinara wa kundi la pili.

Stahl aliyakataa makundi yote mawili, na alifanya hivyo kwa swali moja ambalo kwangu ndilo kiini cha maisha yake yote ya kisomi. Mwili wa binadamu umetengenezwa kwa vitu vinavyoharibika upesi kuliko karibu vitu vyote duniani, yaani maji, mafuta, damu na nyama laini. Nyama ikiachwa mezani kwenye joto, baada ya siku mbili hailiki. Lakini nyama ya aina ileile, yenye maji yaleyale na joto lisilopungua usiku wala mchana, hukaa ndani ya mtu aliye hai miaka 70 bila kuoza. Mtu huyo akifa, uozo unaanza mara moja. Vitu vilivyomo ndani ya maiti ni vilevile vilivyokuwemo jana yake. Kimeondoka nini?

Tazama uzito wa swali hili linapotoka kwa mkemia. Stahl alijua kuchachuka na kuoza kwa undani. Mwaka 1697 alitoa kitabu kizima kuhusu uchachushaji, Zymotechnia fundamentalis, akieleza kwamba kuchachuka ni mwendo wa ndani wa chembe za kitu, na kwamba kitu kilicho katika mwendo huo huweza kukiambukiza kingine kilichotulia. Kwa hiyo aliposema kwamba kemia, ikiachiwa peke yake, ingeuozesha mwili, alikuwa anasema jambo ambalo wenzake wa maabara walipaswa kulijibu. Wao walisema kemia ndiyo inayoufanya mwili uishi. Yeye akasema ndiyo inayouvuta kuelekea kaburini kila saa, na lazima kuwe na kitu kinachoizuia.

Kitu hicho alikiita anima, yaani roho. Alimaanisha roho ileile inayofikiri na kutaka, lakini akaipa kazi kubwa kuliko walivyozoea wanafalsafa. Kwa mtazamo wake roho ndiyo inayosukuma damu izunguke, inayokaza na kulegeza misuli na mishipa, na inayotoa uchafu kwa jasho, mkojo na choo kabla haujaozesha kilichobaki, na yote hayo huyafanya bila sisi kukaa na kuyatafakari. Alikuwa na ushahidi ambao, hata leo mtu akiutaja, ungemsikiliza. Mtu akiona haya, uso unabadilika rangi. Akipata hofu, tumbo linachafuka na moyo unaenda mbio. Mwaka 1695 alitoa andiko la chuo kuhusu namna hisia za nafsi zinavyoubadilisha mwili, na sehemu hiyo ya kazi yake haijachakaa kama nyingine.

Mfano alioutumia mwenyewe ulikuwa saa. Saa inayoonyesha muda sawasawa ni chombo, kwa sababu kila gurudumu lake linatumikia lengo moja. Saa iliyoharibika bado ina magurudumu, bado ina uzito na mwendo, lakini ni mashine tu, haina tena inachokitumikia. Stahl alisema hivyo ndivyo ilivyo tofauti kati ya kiumbe hai na mashine. Huwezi kukieleza kiumbe hai kwa kuorodhesha sehemu zake bila kusema zinafanya kazi kwa ajili ya nini. Mambo haya yote aliyakusanya mwaka 1708 katika Theoria medica vera, kitabu kinene cha Kilatini kilichoandikwa kwa sentensi ndefu zinazojikunjakunja mpaka msomaji anapoteza pumzi. Hata waliomheshimu walilalamikia maandishi yake.

Leibniz alimjibu. Mwanafalsafa huyo mkubwa aliona hatari ndani ya hoja ya Stahl. Ikiwa roho inaweza kusukuma mwili itakavyo, basi kanuni za mwendo zinavunjwa kila mtu anapoinua mkono. Stahl hakurudi nyuma hata kidogo, na mwaka 1720, Leibniz akiwa ameshafariki miaka minne, alichapisha mabishano yao yote pamoja na majibu yake. Katika hoja ya fizikia namwona Leibniz yuko sahihi. Katika hoja ya tiba, kwamba kiumbe hai kinajilinda na kujirekebisha kwa namna ambayo mashine za karne ile hazikuweza, Stahl alikuwa ameona kitu cha kweli, na madaktari wa Montpellier kule Ufaransa walijenga shule nzima juu yake.

Sasa nifike mahali ambapo simtetei. Kama roho ndiye mlinzi wa mwili, basi homa ni kazi yake, ni juhudi ya kutoa kilicho kibaya. Kutoka hapo Stahl alihitimisha kwamba daktari mwema husubiri, hutazama, na husaidia mwili ufanye unachokwisha kuanza, ama kwa kutoa damu mshipani, ama kwa dawa za kuharisha kidogo na za kutoa jasho. Aliheshimu hata damu ya bawasiri, akiihesabu kuwa mlango wa mwili kujitua mzigo. Katika karne ambayo madaktari wengi waliwajaza wagonjwa zebaki na antimoni, subira hiyo bila shaka iliokoa watu. Lakini kwa hoja hiyohiyo aliikataa afyuni, na akalipinga gome la mkwinini, kwa sababu lilikuwa linaizima homa kabla haijamaliza kazi yake.

Sisi tunajua gome lile ni nini. Ndimo ilimotolewa kwinini. Homa za vipindi zilizokuwa zikiwasumbua watu wa mabonde yenye maji ya Ujerumani nyingi zilikuwa malaria, na dawa pekee iliyofanya kazi kweli ilikuwa imeshafika kwenye maduka ya dawa ya Ulaya. Stahl aliiona, akaijadili, akaiweka pembeni kwa sababu haikukaa sawa na nadharia yake. Kwa mtu yeyote aliyewahi kumkesha mtoto mwenye malaria, jambo hili linauma. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi wako kosa zito la Stahl, Mwalimu, waonyeshe hili. Flojistoni ni kosa dogo mno mbele yake.

Turudi kwenye kemia. Ukishasema kwamba kemia haitawali mwili hai, unaiondolea kazi ya kuwa kijakazi wa tiba. Kabla ya hapo mtu aliyefundisha kemia chuoni alifundisha kutengeneza dawa. Stahl aliifundisha kama elimu ya namna vitu vinavyoungana na kutengana, popote vilipo, iwe kwenye pipa la pombe, kwenye kiwanda cha rangi, au kwenye tanuri la kuyeyushia madini. Aliwasikiliza watu wa viwanda na migodi, akaandika kuhusu uyeyushaji wa metali, na akiwa mzee akawaonya watu wasipoteze mali zao kwa kutafuta dhahabu ya alkemia, ambayo ujanani aliidhania inawezekana.

Flojistoni ilizaliwa huko. Johann Joachim Becher, daktari na mkemia wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1682, alikuwa ameandika kwamba vitu vya madini vina udongo wa aina tatu, na mmoja ni udongo wa mafuta unaofanya kitu kiungue. Mwaka 1703 Stahl alikitoa upya kitabu cha Becher pamoja na maelezo yake marefu, na ule udongo wa mafuta taratibu ukageuka kuwa flojistoni. Becher aliacha wazo, ila majaribio na hoja ni za Stahl.

Hoja yenyewe ni hii. Ukiichoma metali kama risasi au bati kwa muda mrefu kwenye hewa, inageuka unga usio na mng'ao, ulioitwa kalksi. Ukiuchanganya unga huo na mkaa na kuupasha moto tena, metali inarudi iking'aa. Mkaa wenyewe unaungua karibu wote na kuacha majivu kidogo. Stahl akasema kwamba mkaa umejaa flojistoni na metali ina flojistoni. Metali ikiungua, flojistoni inatoka na kalksi inabaki. Kalksi ikipewa mkaa, flojistoni inahama kutoka kwenye mkaa na kuirudia. Kutu ya chuma, kwa Stahl, ni kuungua kulekule kunakokwenda polepole.

Sentensi hiyo ya mwisho naomba isipite hivihivi. Kabla yake, moto wa jikoni, kutu ya jembe na kazi ya myeyushaji madini yalikuwa mambo matatu yaliyoelezwa na watu watatu tofauti. Stahl aliyafunga kwa kamba moja, na fundo lile halijafunguka. Wewe mwenyewe ukiwafundisha wanafunzi kwamba kuungua na kutu yote ni oksidisho, na kwamba mkaa unairudisha oksidi kuwa metali, unafundisha kundi lilelile la matukio kama alivyolipanga yeye. Kilichobadilika ni mwelekeo wa biashara, kwamba pale alipoona kitu kinatoka, sisi tunaona oksijeni inaingia. Na ukienda mbali zaidi, kwenye hesabu ya elektroni, metali inayounguzwa kweli inapoteza kitu. Sisemi kwamba Stahl alizijua elektroni. Nasema tu kwamba muundo wa hoja yake haukuwa wa kuchekwa.

Jaribio alilojivunia zaidi lilihusu kiberiti, yaani salfa. Salfa ikiungua inatoa asidi. Wengi walikuwa wameliona hilo, lakini Stahl alitaka kurudi nyuma, aitengeneze salfa kutokana na asidi. Alichukua asidi ya salfa, akaiunganisha na potasi, yaani chumvi ya majivu ya kuni, ili isiruke kwenye moto, akapata chumvi. Chumvi hiyo akaichanganya na unga wa mkaa, akaipasha moto mkali kwenye chungu cha maabara. Ikatoka kitu cha rangi ya ini, kilekile ambacho wakemia walikuwa wakikipata kwa kuyeyusha salfa na potasi. Akakitilia asidi, na salfa ikajitenga. Hitimisho lake lilikuwa kwamba salfa ni asidi pamoja na flojistoni. Leo tunajua ni kinyume, kwamba salfa ni elementi na asidi ndiyo iliyoundwa kwa elementi kadhaa zilizoungana. Lakini angalia namna ya kufikiri. Hakuridhika kukivunja kitu na kusema kimeundwa na hiki na hiki. Alitaka kukivunja na kukijenga upya kutoka vipande vilevile, ndipo aamini.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliliona hilo. Mwaka 1787, katika utangulizi wa toleo la pili la kitabu chake kikuu kuhusu akili safi, alitafuta mifano ya watu walioifundisha dunia kuyauliza maumbile maswali badala ya kuyafuata tu. Alimtaja Galileo na mipira yake, akamtaja Torricelli na uzito wa hewa, kisha akamtaja Stahl aliyeigeuza metali kuwa kalksi na kalksi kuwa metali kwa kutoa kitu na kukirudisha. Kant aliandika hayo wakati Lavoisier ameshatangaza vita dhidi ya flojistoni.

Swali la uzito wanafunzi wako wataliuliza tu. Kama kitu kinatoka kwenye metali, mbona kalksi ni nzito kuliko metali? Jambo hilo lilijulikana. Jean Rey, daktari Mfaransa, aliliandikia kitabu mwaka 1630, na Robert Boyle akalirudia mwaka 1673. Stahl hakulichukulia kuwa pigo kwa hoja yake. Kemia ya wakati wake ilifuata mabadiliko ya sifa, yaani kung'aa, kuwaka, uchachu, na rangi, na mizani ilikuwa ya mtumishi. Hewa nayo hakuipa nafasi ya kuungana na vitu, aliiona kama mahali tu ambapo flojistoni inakwenda. Makosa hayo mawili, mizani na hewa, ndiyo milango aliyopitia Lavoisier kuanzia mwaka 1772 alipopima salfa na fosforasi zikiungua na kuona zinaongezeka uzito. Mwaka 1785 aliishambulia flojistoni waziwazi, na mwaka 1789 akatoa kitabu chake cha misingi ya kemia. Kemia ya ujana wake Lavoisier aliisikia kwa Guillaume-François Rouelle, mwalimu wa Paris aliyefundisha kwa njia ya Stahl. Na Joseph Priestley, aliyeitenga oksijeni mwaka 1774, aliita gesi hiyo hewa iliyoondolewa flojistoni, akabaki na imani hiyo mpaka kifo chake mwaka 1804. Oksijeni yenyewe ilipatikana mikononi mwa watu wa Stahl.

Miaka yake ya mwisho naipitia haraka. Mwaka 1715 Mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia alimwita Berlin awe daktari wake na asimamie baraza la tiba la nchi. Aliishi huko karibu miaka 20. Katika kipindi chake ilitoka amri ya tiba ya mwaka 1725, iliyotaka madaktari, wapasuaji na wauza dawa wa Prussia wapimwe na kupewa kibali kabla ya kuwagusa wagonjwa. Kizazi cha wakemia kilichokulia katika kemia yake kilizaa watu kama Andreas Sigismund Marggraf, ambaye mwaka 1747 alitoa sukari ndani ya kiazisukari. Stahl alifariki Berlin, Mei 1734.

Mwaka huohuo wa 1734, katika chuo cha Wittenberg, mwanafalsafa Anton Wilhelm Amo alitetea andiko lake kuhusu roho na hisia. Amo alizaliwa Axim, katika Ghana ya leo, akachukuliwa mtoto na kupelekwa Ujerumani, akalelewa katika jumba la mtawala wa Wolfenbüttel. Mwaka 1727 alijiandikisha Halle, ambako ugomvi wa Stahl na Hoffmann juu ya roho na mwili ulikuwa bado haujapoa. Alichokitetea Wittenberg ni kwamba roho ya mwanadamu haihisi, kwamba kuhisi ni kazi ya mwili ulio hai. Hiyo ni kinyume kabisa na namna Stahl alivyoizamisha roho ndani ya nyama na damu. Vitabu vinavyomtaja Stahl mara chache humtaja Amo, na mimi naona ni upungufu. Wanafunzi wako wanapaswa kujua kwamba Mwafrika alikuwa ndani ya ule mjadala, akiuendesha kwa Kilatini kama wenzake.

Kwa somo lenyewe, kama maabara yako ina unga wa shaba, oksidi ya shaba, mkaa na mizani ya kuaminika, fanya hivi kabla hujalitaja jina la Lavoisier. Pasha moto oksidi nyeusi pamoja na unga wa mkaa mpaka shaba nyekundu ionekane, halafu waambie wanafunzi waeleze walichokiona bila kutumia neno oksijeni. Wengi watasema mkaa umeipa shaba kitu. Waachie wakitetee hicho kitu, wakipe jina wanalotaka, waseme kimetoka wapi na kimekwenda wapi. Kipindi kinachofuata, choma unga wa shaba wazi kwenye hewa, pima kabla na baada, na uwaache wabishane na namba zao wenyewe.